Umeshazoea?

Tafakari ya juma. Somo: Ezekieli 17:22–24



Anayeotesha miche ya kahawa kwa vikonyo, iwe Lyamungo kwa watafiti au kwenye kitalu cha kikundi cha wakulima, hakati tawi lolote linalomjia mkononi. Anakata maotea, yale machipukizi yanayopanda wima kutoka kwenye shina. Tawi la pembeni, lile linalobeba buni, nalo linaweza kutoa mizizi na kuota, lakini halitasimama. Litaelekea kando maisha yake yote. Ulifunge kwenye mti, ulipe mbolea, litaendelea kwenda kando, kwa sababu ndivyo lilivyozoea kwa mama yake. Miti mingi ya jamii ya misonobari ina tabia hiyohiyo. Ukitaka mti utakaosimama, kipandikizi kichukue kileleni.

Nimeanza huko kwa sababu Ezekieli anasema Bwana mwenyewe atatwaa kitawi kichanga kutoka juu kabisa ya mwerezi, akipande juu ya mlima mrefu. Ezekieli alikuwa kuhani, si bwana shamba, na kilele anachokizungumzia ni ukoo wa Daudi. Hata hivyo bwana shamba yeyote angemwambia hapo umekata penyewe. Sisi wahubiri huwa tunakimbilia aya ya 23, mti umekua na ndege wa kila namna wamejenga viota, ibada ikaisha kwa vigelegele. Tunaruka swali ambalo mama yeyote mwenye bustani angeuliza: kati ya siku kilipokatwa na siku kilipokuwa mti, hicho kitawi kiliishije?

Sura ya 17 inaanza na kitendawili. Tai mkubwa mwenye manyoya ya rangi nyingi anakuja Lebanoni, anavunja kilele cha mwerezi na kukipeleka mji wa wachuuzi. Nabii anakifumbua mwenyewe. Tai ni mfalme wa Babeli, na kilele ni mfalme kijana Yehoyakini, aliyeketi kwenye kiti cha enzi akiwa na miaka 18 na kutawala miezi mitatu tu. Mwaka 597 kabla ya Kristo alichukuliwa Babeli pamoja na mama yake, wake zake, maofisa wake, mafundi na wahunzi. Ezekieli naye alikuwa katika msafara huo. Maneno haya aliyatoa akiwa uhamishoni, kando ya mto Kebari. Waliobaki Yerusalemu walijiona wao ndio mti, na walioondoka ni matawi ya kutupwa. Sura ya 11 inatunza maneno yao: hao wamekwenda mbali na Bwana, nchi imebaki kwetu. Ni maneno ya mtu ambaye hajahamishwa.

Sasa tuje bustanini. Chukua asumini. Unakata kitawi kisicho kichanga sana wala kigumu sana, urefu wa kiganja, kwa kisu kikali, chini kidogo ya kifundo. Majani ya chini unayaondoa yote. Ya juu unabakiza mawili matatu, na yakiwa mapana unayakata nusu. Anayeona kazi hii kwa mara ya kwanza hushtuka, mbona unakiua? Sababu ni maji. Jani linapoteza maji saa zote jua linapowaka, na kitawi hakina mizizi ya kurudishia kilichopotea. Ukikiachia majani yake yote kwa kukionea huruma, jioni utakikuta kimelala. Lakini usiyaondoe yote. Kitawi laini kisicho na jani hata moja nacho hakifiki mbali, maana jani ndilo linalokitengenezea chakula cha kuanzia.

Unakichomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, unamwagia maji, unakifunika. Zamani tulifunika kwa mifuko ya plastiki. Tangu ilipopigwa marufuku mwaka 2019 watu wanatumia chupa ya maji iliyokatwa kitako, na kusema kweli ni nzuri kuliko mfuko, kwa sababu kizibo unaweza kukifungua hewa ikapita. Kisha kivulini. Huko chini, kwenye jeraha, kazi inaanza. Jeraha linajifunga kwa uvimbe mweupe. Huo bado si mzizi. Kuna homoni inayotengenezwa kwenye machipukizi ya juu, wataalamu wanaiita oksini, ambayo kwa kawaida hushuka na shina kwenda chini. Ikikuta njia imekatika inajikusanya hapohapo, na mizizi inachomoza jirani na palipokatwa. Ule unga wa kuoteshea unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo ni homoni ya aina hiyo iliyotengenezwa kiwandani.

Inachukua majuma matatu, manne, hata sita na zaidi, kutegemea mmea na joto. Na katikati ya majuma hayo kuna mtego unaowanasa wengi. Juu, kitawi kinatoa jani jipya, la kijani kibichi, zuri. Mwenye nacho anafurahi, anafunua chupa, anakitoa juani, na baada ya siku mbili tatu kimesinyaa. Lile jani lilikuwa limetoka kwenye akiba iliyokuwa ndani ya shina, chakula kilichowekwa humo kabla hakijakatwa. Chini hakukuwa na kitu. Mwingine, asiye na subira, anakivuta kidogo kila asubuhi kuona kama kimeshika. Mizizi ya kwanza ni laini mno, inakatika kwa kuguswa tu, hivyo kila anapokagua anaharibu alichokuwa anakikagua.

Sisi waswahili tunayo namna yetu ya kumvuta mtu kila asubuhi. Tunamuuliza, "Umeshazoea?" Binti ameolewa juzi, amehamia kwa watu wenye lugha nyingine na mapishi mengine, na kila anayempigia simu anaanza na hilo. Kijana amekwenda Muscat kufanya kazi, hajapata hata siku ya mapumziko, ndugu wanamuuliza umeshazoea. Ajibu nini? Anasema ndiyo, nimezoea, Mungu ni mwema. Jani la juu hilo. Tunakata simu tumeridhika, na tukisikia miezi michache baadaye kwamba hali yake ni mbaya tunashangaa, mbona alituambia amezoea.

Nataka nikae kidogo kwa yule ambaye naona tunamkosea zaidi, mama mzee aliyefiwa na mumewe kijijini. Arobaini haijafika, watoto wamekaa kikao na kuamua mama ahamie Dar es Salaam kwa binti yake mkubwa. Wana upendo, sina shaka. Kijijini alikuwa mzee wa kanisa, mkunga wa mtaa, mwenye mbuzi na mihogo, aliyeamua ugomvi wa mipaka ya mashamba. Kufumba na kufumbua yuko ghorofa ya pili Sinza, mbele ya televisheni. Binti anamwambia, mama pumzika, usiguse kitu, dada wa kazi yupo. Amemkata majani yote. Na kuna familia zinazofanya kinyume chake: mama hajapumua, ameshakabidhiwa wajukuu wanne, kufungua geti na kupokea fundi wa maji, ati ili asijione mpweke. Huyo wamemwachia majani yote na jua la saa saba. Abakiziwe kitu kimoja au viwili alivyovifanya tangu zamani na anavyovifanya kwa mkono wake. Ajipikie uji wake wa asubuhi kwa namna yake. Awe na makopo yake ya mchicha na mrehani kwenye baraza, hata kama yanachafua vigae. Vigae vinapigwa deki.

Na kanisani je? Mgeni akihamia usharikani kwetu na barua yake ya utambulisho, juma la kwanza tunamsimamisha mbele ajitambulishe, juma la pili ni katibu wa kwaya, la tatu yuko kwenye kamati ya ujenzi. Tunasema ana karama. Anayo kweli, alikuja nayo kutoka usharika aliokulia, na anatoa majani kwa akiba ya huko. Ikifika kwaresma haonekani, na sisi tunasema amepoa kiroho. Kivuli anachohitaji mtu wa namna hiyo ni cha kawaida kabisa: jirani wa kumpitia Alhamisi waende jumuiya pamoja, wa kumwonyesha daladala ya kushuka nayo sokoni, wa kukaa naye benchi moja bila kumhoji.

Kuna jambo jingine sipendi tulifanye mbele ya watu waliohamishwa kwa nguvu, awe mkimbizi, mjane aliyefukuzwa na shemeji, au mwenye nyumba iliyobomolewa. Tunawahi kusema Mungu amekupogoa ili uzae zaidi. Someni tena sura ya 17. Tai wa kwanza hasifiwi. Amekuja kwa faida zake, akavunja kilele kama mporaji, na aliyevunjiwa hakuombwa ruhusa. Bwana haingii kwenye kitendawili kuhalalisha makucha ya tai. Anakuja mwishoni na kusema, mimi nami nina mkono wangu, na nitachukua kutoka juu ya mti huohuo. Mtu aliyekatwa na tai ana haki ya kusema alikatwa na tai.

Siku hizohizo za Ezekieli manabii wa uongo walikuwa wanawavuta waliohamishwa kuona kama wameshika. Hanania alitangaza hekaluni Yerusalemu kwamba ndani ya miaka miwili Yehoyakini na wote waliochukuliwa watarudi. Maneno matamu, na mtu anayeyaamini hawezi kupanda hata mtini. Yeremia akaandika barua kwenda Babeli yenye mashauri ya kichungaji yaliyonyooka kuliko mengi ninayoyajua: wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuoza, wautakie amani mji ule waliopelekwa. Akawaambia itachukua miaka 70. Alichowapa ni ruhusa ya kuota mizizi mahali ambapo hawakupachagua.

Hapa lazima niseme lile ambalo wakulima wa muhogo wanalijua kuliko mimi. Kipandikizi si mtoto wa mmea kama mbegu ilivyo. Ni mmea uleule, umeendelea mahali pengine. Pingili ya muhogo ya sentimita 20 au 30, yenye macho matano hadi saba, inabeba kila kitu cha mama: utamu wake, unga wake, na ugonjwa wake. Batobato inasambazwa na nzi weupe, lakini inasambazwa pia na sisi wenyewe, tunapobeba pingili kutoka shamba la jirani bila kuliangalia. Na michirizi kahawia ni mbaya zaidi kwa namna moja. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti Storey aliyekuwa Amani, juu ya milima yetu hii hapa Muheza. Shina linaweza kuonekana limenawiri, majani hayana shida ya kukushtua, na siku ya kung'oa unakata muhogo unakuta ndani umekuwa mkavu, wa kahawia, haufai kwa ng'onda wala kwa futari. Hakuna udongo mzuri utakaoiponya pingili ya namna hiyo. Hakuna mbolea.

Nimeona makanisa yakipandwa hivyo. Kikundi kinagombana na usharika kwa sababu ya fedha za kwaya au nani awe mwinjilisti, kinatoka kwa hasira, kinakodi ukumbi, kinapaka rangi mpya, kinanunua spika kubwa. Mwanzoni kinachipua kweli. Kisha, miaka si mingi, kinagombana kwa sababu ya fedha za kwaya. Familia nazo zina hayo. Baba amehama mkoa kukimbia ugomvi wa ukoo, na ugomvi umesafiri kwenye shina. Anayekata pingili mwenye akili anatazama kwanza. Anachimba shina moja au mawili katika shamba analotaka kuchukua mbegu, anaipasua mihogo yake na kuangalia weupe wa ndani, kisha ndipo anakata. Kwa watu kazi hiyo inaitwa toba, na hufanyika kabla ya kuhama. Baada ya kuhama inawezekana pia, ila ni ngumu zaidi, kwa sababu mtu anakuwa na kisingizio cha ugeni.

Najua mwenye Biblia yake ameshafungua Yohana 15 ananisubiri. Je, Yesu hakusema tawi lisilokaa katika mzabibu hutupwa nje likakauka? Alisema. Na waliokuwa wanamsikiliza walijua vilevile kwamba mashamba ya mizabibu hupandwa kwa vipande vilivyokatwa kwenye mizabibu ya zamani. Anachokionya pale ni kuacha kukaa ndani yake yeye. Hamzungumzii mtu aliyebadilisha kata. Aliyebatizwa Muheza, akahamia Mwanza au Muscat, hajakatwa kwa Kristo hata sentimita moja. Ni mmea uleule.

Watu wa Tanga tusingepaswa kuwa wagumu kulielewa hili. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Saint Paul-Illaire, alikiona kile kiua kidogo cha zambarau kinachoota kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara, akakituma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, aliyesimamia bustani za Herrenhausen kule Hannover, alikipa jina la kitaalamu. Leo kinakaa madirishani kwa watu ambao hawajui Usambara iko wapi, na wanakieneza kwa jani moja na kikonyo chake: linachomekwa kwenye udongo wenye unyevu, na miche midogo inachomoza kwenye kitako cha jani. Mwaka 1893, huohuo, mkonge ukaja kwetu. Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na 62 tu ndivyo vilivyofika vikiwa hai. Katika hivyo 62 ndimo yalimotoka mashamba yale mnayoyapita mkienda Korogwe. Ni kweli mkonge uliwaletea babu zetu manamba na jasho lisilolipwa sawasawa, sitaki tuupambe. Nasema tu kwamba waliotazama yale makreti siku yaliposhushwa, vichipukizi 938 vikiwa vimekufa, wangekuwa na sababu zote za kuvitupa vilivyobaki.

Tumrudie Yehoyakini. Yule aliyebaki Yerusalemu, baba yake mdogo Sedekia, ndiye mzabibu wa kitendawili: umepandwa penye maji mengi, haukuhamishwa mbali, una kila sababu ya kustawi, lakini unapinda mizizi yake kumwelekea tai wa pili, Misri, ukitaka aunyweshe yeye. Alivunja kiapo, akatuma wajumbe kutafuta farasi na askari, na baada ya miaka 11 ya utawala wake mji ukaanguka na hekalu likachomwa. Mti uliobaki nyumbani ndio uliokauka.

Na kile kilele? Wanaakiolojia walifukua Babeli vibao vya udongo vya watunza stoo wa Nebukadreza, yule tai wa kwanza, vilivyochapishwa mwaka 1939. Ni orodha za mgao, kavu kama orodha yoyote ya stoo, na ndani yake limo jina la Yehoyakini mfalme wa Yuda, na wanawe watano, na kiasi cha mafuta waliyopewa. Hakuna utukufu wowote hapo. Ni mfungwa anayepimiwa mafuta kwa kipimo, mwezi baada ya mwezi. Lakini alikuwa na wana. Kitabu cha pili cha Wafalme kinafunga kwa habari yake: mwaka wa 37 wa uhamisho wake mfalme mpya wa Babeli, Evil-merodaki, alimtoa gerezani, akambadilisha mavazi, akamketisha kula mezani pake siku zote za maisha yake. Alikuwa na miaka 55 hivi. Hakurudi Yerusalemu. Aliyerudi ni mjukuu wake Zerubabeli, na ukifungua Mathayo sura ya 1 utawakuta wote wamepangwa, Yekonia (ndiye Yehoyakini), Shealtieli, Zerubabeli, katika orodha inayoishia kwa Yusufu mume wa Mariamu. Sedekia hayumo.

Miaka 37 ni mingi kukaa chini ya chupa. Sidhani kama kuna aliyempitia Yehoyakini gerezani akaona mti.

Jumapili hii, kwa kuwa mvua za vuli zimeanza, tutabadilishana mbegu na vipandikizi chini ya mwembe baada ya ibada. Wenye marando ya viazi wayakate kwenye ncha, urefu wa sentimita 30, Ijumaa au Jumamosi, na kuyaweka kivulini yakiwa na unyevu. Yakianza kutoa vijizizi kwenye vifundo ni sawa, yatashika haraka. Pingili za muhogo ziletwe na yule tu aliyechimba na kupasua muhogo wa shamba hilo juma hili akauona ni mweupe. Wazee wa kanisa watauliza, msikasirike. Familia zilizohamia kwetu mwaka huu zitachagua kwanza. Wageni hawatasimamishwa kujitambulisha, nimeshakubaliana na mwinjilisti. Na wenye chupa tupu za maji za lita moja na nusu wasizitupe, tunazihitaji nyingi.